Mwanamke wa Vermeer anayeikanyaga dunia: ishara ni zipi, na samani ni zipi?

Kipepeo_wa_Rangi

Wakuu, habari za humu. Naandaa uchambuzi wa kurasa kama nane juu ya picha ya mchoraji wa Uholanzi Johannes Vermeer ambayo wengi huiita Istiara ya Imani ya Kikatoliki (istiara hapa ni picha inayoipa dhana umbo la mtu na vitu). Ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa, sentimita 114.3 kwa 88.9, ya mwaka 1670 hadi 1672 hivi, na ipo Metropolitan Museum of Art, New York.

Kwa ambao hawajaiona: mwanamke ameketi juu ya jukwaa dogo lililoinuka hatua moja kutoka sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe. Gauni lake ni la satini, nyeupe na buluu. Mkono wa kulia upo kifuani, mguu wa kulia umekanyaga tufe la dunia, macho yameinuliwa kuelekea tufe la kioo linaloning'inia darini kwa utepe wa buluu. Pembeni yake pana meza yenye kalisi (kikombe cha misa), kitabu kikubwa na msalaba. Mbele sakafuni kuna tofaa na nyoka aliyepondwa na jiwe. Ukuta wa nyuma una picha kubwa ya Kristo msalabani, na upande wa kushoto zulia zito la nakshi limevutwa kama pazia.

Nyoka, tofaa na msalaba sina shida navyo. Nimekwama hapa:

1. Tufe la kioo ni nini hasa?
2. Nitajuaje kwamba kitu fulani ni ishara na kingine ni samani tu ya chumbani?
3. Kwa nini Imani awe mwanamke?
4. Nimekuta maelezo kwamba huyu ni Bikira Maria, kwa sababu ya nyoka. Ni kweli?

Nitashukuru.

---

Turubai

Nianze na la nne, kwa sababu ukilikosea hilo kurasa zote nane zitakwenda mrama. Siyo Maria.

Ukiwa na mwanamke na nyoka kwenye picha moja, uliza kwanza nani anampiga nyoka. Katika picha za Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, mguu wake mwenyewe ndio unaomkanyaga nyoka, kwa kufuata Mwanzo 3:15, na mara nyingi wachoraji humwongezea mwezi chini ya miguu na taji ya nyota kumi na mbili kutoka Ufunuo 12:1. Hapa hakuna mwezi wala nyota. Nyoka kapondwa na jiwe, na mguu wa mwanamke upo mbali, juu ya dunia. Jiwe hilo ni Kristo, "jiwe kuu la pembeni" la Waefeso 2:20. Mwanamke hajamgusa nyoka kabisa. Anayeshinda dhambi ni Kristo, na Imani anakaa pale kwa sababu ushindi umekwisha kupatikana. Hiyo ni teolojia tofauti na ile ya picha za Maria, na umeipata kwa kuangalia mguu umekanyaga nini.

Sasa chombo cha kazi. Kwa picha yoyote ya aina hii iliyochorwa Ulaya baada ya mwaka 1600, anza na Cesare Ripa. Iconologia yake ilitoka Roma mwaka 1593 bila michoro, kisha mwaka 1603 ikatoka yenye michoro ya kuchonga kwenye mbao. Ni kamusi: chini ya kila dhana (Imani, Haki, Busara, Huzuni) anaeleza mwanamke gani achorwe, avae nini, ashike nini, na kwa nini. Kwa Vermeer toleo unalolihitaji ni tafsiri ya Kiholanzi ya Dirck Pietersz. Pers, Amsterdam 1644. Watu huchukua toleo lolote lililo karibu kisha wanashangaa mbona maelezo hayalingani. Ripa aliongezwa na kupunguzwa kila alipochapwa upya, na watafsiri nao walichagua. Tumia toleo ambalo mchoraji angeweza kulifungua.

Kidahizo (yaani ingizo la kamusi) cha Imani ya Kikatoliki humo kinasema hivi kwa kifupi: mwanamke ameketi, kalisi mkono wa kulia, mkono wa kushoto juu ya kitabu kilichowekwa kwenye jiwe imara la pembeni, ambalo ni Kristo. Dunia ipo chini ya miguu yake. Amevaa buluu ya mbingu na vazi la juu jekundu. Chini ya jiwe kuna nyoka aliyepondwa, na Mauti mwenye mishale iliyovunjika. Karibu kuna tofaa, chanzo cha dhambi. Kwa mbali Abrahamu anaonekana akitaka kumtoa mwanawe sadaka.

Chukua karatasi, igawe mistari minne: kilichobaki, kilichohamishwa, kilichoachwa, kilichoongezwa. Kwa picha hii utapata:

Kilichobaki ni kuketi, dunia, nyoka, tofaa, buluu.

Kilichohamishwa ni kalisi na kitabu, ambavyo vimetoka mikononi na kwenda mezani, na jiwe, ambalo limetoka chini ya kitabu na kwenda sakafuni. Kwa nini mikono iachwe mitupu? Kwa sababu Ripa ana kidahizo kingine cha Imani, ambamo mwanamke anavaa nyeupe na kuweka mkono kifuani kuonyesha kwamba imani hai hukaa moyoni. Vermeer ameunganisha vidahizo viwili. Mkono usingeweza kushika kalisi na kushika moyo kwa wakati mmoja, kwa hiyo kalisi ikaenda mezani, na meza, ikishapata kalisi, kitabu na msalaba, imegeuka altare, yaani madhabahu ya misa. Badiliko moja limezaa chumba kizima.

Vilivyoachwa ni Mauti na mishale yake, vazi jekundu, na Abrahamu. Huyu wa mwisho usimpite haraka. Nafasi yake ya "kwa mbali" imechukuliwa na picha ya Kristo msalabani ukutani, inayofuata kazi ya mchoraji Jacob Jordaens wa Antwerp. Wanateolojia wa Kikristo walimsoma Isaka kama kivuli cha Kristo tangu zamani sana. Vermeer ametoa kivuli akaweka chenyewe.

Kilichoongezwa ni tufe la kioo. Hilo halimo kwa Ripa kabisa.

---

Nembo_na_Fumbo

Turubai amenifungulia mlango wa swali la kwanza. Kitu kisipokuwa kwa Ripa, hatua inayofuata ni vitabu vya nembo.

Kitabu cha nembo kina ukurasa wenye sehemu tatu: kaulimbiu juu, mchoro katikati, shairi la ufafanuzi chini. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, maana ameshazoea kitu cha namna hiyo: kanga ina mji, pindo na jina, na hakuna anayedhani kwamba maua ya mji wa kanga yamemaliza ujumbe kabla hajasoma jina. Nembo nazo ni hivyo. Mchoro peke yake unaweza kusema mambo matano. Kaulimbiu ndiyo inayoufunga kwenye jambo moja.

Nembo inayohusika ni ya Mjesuiti Willem Hesius, katika kitabu chake cha nembo za imani, matumaini na mapendo kilichochapwa Antwerp mwaka 1636. Mtoto mwenye mabawa ameshika tufe linaloakisi msalaba na jua. Kaulimbiu ni *Capit quod non capit*, yaani "hupokea kile kisichoweza kukienea". Shairi lake linaeleza kwamba tufe dogo linaweza kubeba taswira ya ulimwengu mzima, na hivyo hivyo akili ya mwanadamu, ndogo ilivyo, ikimwamini Mungu inabeba kisicho na mipaka. Aliyeonyesha uhusiano wa nembo hii na picha ya Vermeer ni mwanahistoria wa sanaa wa Uholanzi, Eddy de Jongh.

Kwa hiyo picha ina matufe mawili, na hapo ndipo utamu wake. La chini ni dunia, zito, limekanyagwa. La juu ni kioo, jepesi, linatazamwa. Moja ni ulimwengu ulivyo, lingine ni akili inayoupokea ulimwengu na kilicho zaidi ya ulimwengu. Mwili wa mwanamke umekuwa mstari unaounganisha matufe hayo: mguu huku, macho kule, mkono wa moyo katikati. Ukiandika hivyo, hakikisha umeutazama mstari wenyewe kwenye picha kubwa, usiandike kwa kukumbuka.

Makosa matatu ya kawaida kuhusu tufe hili:

Kuliita povu la sabuni. Povu kwenye picha za Kiholanzi ni ishara ya ufupi wa maisha, lakini povu hupulizwa na mtoto na huelea; halifungwi utepe. Utepe unasema kitu hiki kimetundikwa kwa makusudi na kitabaki.

Kuliita kioo cha kujitazamia, kisha kuleta mambo ya majivuno. Mwanamke hajitazami. Tena lipo juu mno asingeweza kujiona.

Kuliita tufe la ramli. Hili linatokana na filamu tulizotazama, siyo na Delft, mji wa Vermeer, ya karne ya 17.

Halafu pakua faili kubwa. Makumbusho hayo yametoa picha zake zisizo na hakimiliki bure tangu mwaka 2017, na hii ni mojawapo. Kuza sehemu ya tufe mpaka uone mwanga wa chumba ulivyojipinda ndani yake. Kwenye nakala ndogo za vitabuni panaonekana doa la kijivu tu, na watu wameandika aya nzima juu ya "giza" la tufe, kumbe ni wino wa mashine ya kuchapia.

---

Kalamu_Nyekundu

Nakubali karibu yote, ila naomba tupunguze kasi kwenye swali la pili. Humu ndimo wachambuzi wengi hupoteza alama.

Vermeer alizikwa Delft Desemba 1675, na Februari 1676 iliandikwa orodha ya mali za nyumba. Ndani yake kuna picha kubwa ya Kristo msalabani, ngozi ya ukutani iliyotiwa dhahabu, na msalaba wa mpingo. Vitu vyote vitatu vinafanana na tunavyoviona kwenye picha. Tufe la dunia nalo linatambulika: ni la Hondius wa Amsterdam, toleo la 1618, kitu cha kununuliwa dukani, na mwenzake wa nyota yupo kwenye picha yake ya mnajimu.

Sasa wapo watakaosema, "Basi ni samani zake tu, hakuna ishara." Na wapo watakaosema, "Kila samani ni ishara." Wote wawili wamekosea kwa sababu ile ile: wanauliza kitu kimetoka wapi badala ya kuuliza kimewekwaje. Msalaba kuwa mali ya nyumba hakuufanyi usiwe ishara ukiwekwa kati ya kalisi na kitabu. Vipimo ninavyovipendekeza ni hivi.

Je, kitu kipo mahali ambapo kisingekaa katika maisha ya kawaida? Tufe la bei mbaya halikanyagwi. Nyoka anayetoka damu hayupo sebuleni kwa mtu. Vyote viwili vimefaulu.

Je, kuna maandishi ya wakati ule yanayokitaja pamoja na dhana hii hii? Dunia, jiwe, nyoka, kalisi, kitabu: ndiyo. Tufe la kioo: ndiyo, kwa Hesius. Kiti kilicho nyuma ya zulia na kitambaa chake cha buluu: hapana.

Ukikiondoa, je, maana inabomoka? Ondoa kalisi, na neno "Kikatoliki" linayumba. Ondoa kiti, hakuna anayegundua.

Kitu kikifaulu vipimo vitatu, andika "ni ishara ya". Kikifaulu viwili, "huenda kinaashiria". Kikifaulu kimoja, kieleze kwenye maelezo ya chumba na uendelee na safari. Msomaji atakuamini zaidi ukiwa na ngazi hizi kuliko ukiwa na "inaashiria" ishirini na mbili kwenye kurasa nane.

Kumbuka pia kwamba jina la picha siyo ushahidi. Kwenye mnada wa Amsterdam wa mwaka 1699, picha hii iliandikwa kuwa mwanamke aliyeketi, mwenye maana kadhaa, anayewakilisha Agano Jipya, na ikauzwa kwa gilda 400. Haikuitwa Imani. Ilikuwa haijapita hata miaka 30 tangu ichorwe, na tayari mtu wa mnada alikuwa anaisoma kwa namna yake. Baadaye hata jina la mchoraji lilipotea. Mwanahistoria wa sanaa Abraham Bredius alipoinunua mwaka 1899 ilikuwa inauzwa kama kazi ya mchoraji mwingine, Eglon van der Neer.

Na mazingira. Katika Jamhuri ya Uholanzi misa ya Kikatoliki ilipigwa marufuku hadharani, ikaendelea ndani ya nyumba na makanisa ya mafichoni. Vermeer alimwoa Catharina Bolnes, mwanamke wa familia ya Kikatoliki, mwaka 1653. Kwa hiyo altare iliyo ndani ya chumba cha nyumbani siyo ndoto ya mchoraji. Waumini waliijua hali hiyo hasa.

---

Kipepeo_wa_Rangi

Asanteni sana, nimeanza upya na ile karatasi ya mistari minne na tayari insha imegeuka. Mawili yamebaki. Zulia lililovutwa: kwa vipimo vya Kalamu ni ishara au siyo? Na swali la tatu, la mwanamke, bado.

---

Wino_wa_Pweza

La mwanamke nalichukua mimi.

Jibu la kwanza ni sarufi, na linawapita wasomaji wetu kwa sababu lugha yetu haina kitu hicho. Kilatini *fides*, *iustitia*, *prudentia*, *spes*, *caritas* ni nomino za jinsia ya kike. Kiitaliano ni hivyo hivyo. Mchoraji aliyetaka kuipa dhana mwili alifuata jinsia ya neno. Kiswahili kinaziweka imani na haki kwenye ngeli ya I-/ZI- bila kumuuliza mtu ni mume au mke, kwa hiyo Mswahili hana sababu ya kisarufi ya kumtarajia mwanamke. Anachokuwa nacho ni majina ya watu: Imani, Neema, Rehema, Subira, Faraja. Jina siyo tashihisi, yaani dhana iliyopewa mwili wa mtu, lakini ukitaka mfano wa kumfafanulia msomaji wako anza hapo, kisha mwonyeshe tofauti. Mtoto anayeitwa Subira anaweza kuwa na haraka. Subira wa Ripa hawezi, maana hana kitu kingine cha kuwa.

Hiyo ndiyo maana ya kiutendaji ya tashihisi: uso wake hausemi kitu, vitu vyake ndivyo vinavyosema. Usipoteze aya kujadili kama mwanamke wa Vermeer ana furaha au huzuni. Wengi wamelalamika kwamba amekaa kama mwigizaji jukwaani, na kwa macho ya leo wana haki, lakini mkono kifuani na macho juu ni msamiati, kama vile kupiga magoti ni msamiati.

Ila sarufi haimalizi kila kitu, na ukitaka picha ya kulinganisha itakayokuokoa na insha iliyo kavu, chukua ya mchoraji wa kike wa Italia, Artemisia Gentileschi, aliyojichora kama Istiara ya Uchoraji, ya mwaka 1638 au 1639 hivi, sentimita 98.6 kwa 75.2, ipo kwenye mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza. *Pittura*, yaani uchoraji kwa Kiitaliano, nalo ni neno la kike. Ripa anataka mwanamke mzuri mwenye nywele nyeusi zilizotimka, brashi mkononi, gauni la kitambaa kinachobadilika rangi kikigeuzwa, mkufu wa dhahabu wenye kinyago kilichoandikwa neno la kuiga, na mdomo uliofungwa kitambaa, kwa kuwa uchoraji hausemi.

Weka mistari minne ya Turubai. Nywele zilizotimka zipo. Mkufu na kinyago vipo, ingawa neno limeachwa. Gauni linabadilika rangi mikononi. Kitambaa cha mdomo hakipo. Ukimsoma Ripa kwanza, mdomo ule usiofungwa unakuwa kitu kinachopiga kelele kuliko vyote kwenye picha. Usipomsoma, huwezi kukiona, kwa sababu hakuna anayeona kitu ambacho hakikuchorwa. Tena mchoraji mwanaume asingeweza kufanya alichofanya Artemisia, yaani kuwa yeye mwenyewe na kuwa Pittura ndani ya mwili mmoja. Herufi A.G.F. zilizo kwenye meza zinasema "Artemisia Gentileschi amefanya". Kwa hiyo hapa uso unasema kitu, na kanuni niliyotoa juu inavunjika. Ndiyo maana inafaa kulinganisha.

Onyo jingine kabla sijatoka: kitu kile kile hubadilika maana kwa karne na kwa jirani zake. Kitambaa cha macho ni mfano mzuri. Leo kila mtu anajua Haki amefungwa macho ili asipendelee. Lakini Haki ya Giotto katika kanisa dogo la Scrovegni, Padua, karibu mwaka 1305, ina macho wazi. Mchoro maarufu wa Basel wa mwaka 1494 unamwonyesha mjinga akimfunga Haki kitambaa, na hiyo ilikuwa dhihaka: Haki asiyeona anaamua hovyo. Sifa ikaja baadaye. Na mwanamke aliyefungwa macho asiye na mizani wala upanga anaweza kuwa Bahati, au Sinagogi (dini ya Kiyahudi iliyopewa mwili wa mwanamke) kwenye sanamu za makanisa ya zama za kati, mwenye mkuki uliovunjika. Kioo nacho: mikononi mwa Busara ni kujijua, mikononi mwa Majivuno ni kujipenda. Nyoka akizunguka mkono wa Busara ni hekima, wala siyo shetani. Usisome kitu kimoja kimoja, soma jozi.

---

Turubai

Naongezea kwenye zulia.

Kwa vipimo vya Kalamu linapata kimoja na nusu. Hoja ya wanaolisoma kama ishara ni kwamba pazia lililovutwa ni ufunuo: kilichofichwa kimeonyeshwa, na kwa Wakatoliki waliosali kwa kujificha jambo hilo lina uzito. Hoja ya upande wa pili ni kwamba Vermeer ametumia zulia la namna ile ile, upande ule ule wa kushoto, kwenye picha yake iitwayo Sanaa ya Uchoraji, iliyopo Kunsthistorisches Museum, Vienna, ambako hakuna misa wala altare. Kule mwanamke ni Clio, mlezi wa historia katika visasili vya Kigiriki, anayetambulika kwa taji la majani ya mlori, tarumbeta na kitabu, tena kwa kufuata Ripa huyo huyo. Kwa hiyo zulia ni mbinu ya mchoraji ya kumsogeza mtazamaji mlangoni na kuupa chumba kina. Linaweza kubeba maana ya ufunuo katika picha hii bila kuwa limewekwa kwa ajili hiyo peke yake. Lipe sentensi mbili, siyo ukurasa.

Ulinganisho huo wa Vienna una faida nyingine. Mwaka 1676 mjane wa Vermeer mwenyewe, kwenye hati ya kumkabidhi mama yake picha ile, aliiita Sanaa ya Uchoraji. Kwa picha hiyo tunalo jina kutoka ndani ya nyumba. Kwa ya Imani tunalo la dalali tu. Usizipe hati hizi mbili uzito sawa.

---

Kalamu_Nyekundu

Kimoja na nusu ni haki kabisa. Ningelipa kimoja.

Na rangi, kabla hajaja mtu na orodha ya "buluu ni mbingu, nyeupe ni usafi, dhahabu ni utukufu". Hapa buluu na nyeupe zinakubalika kwa sababu zote mbili zimeandikwa kwa Ripa chini ya Imani, basi. Siyo kwa sababu rangi zina maana ya kudumu. Vermeer alipenda buluu ya jiwe la lapisi lazuli na aliitumia kwenye picha ambazo hazina istiara yoyote, kwa wanawake wanaosoma barua na kumimina maziwa. Nyekundu aliyoiacha ndiyo ningeitolea swali, kwa kuwa Ripa aliitaka na haipo.

---

Kipepeo_wa_Rangi

Nimekuelewa. La mwisho kabisa: lulu shingoni mwake. Naziona kwenye faili kubwa. Nizitaje?

---

Wino_wa_Pweza

Zipitishe kwenye vipimo. Mahali pake ni pa kawaida, shingo ndiyo nyumba ya lulu. Ripa hazitaji kwenye kidahizo hiki. Ukiziondoa picha haiyumbi. Tena Vermeer amewavika lulu wanawake wengi, akiwemo anayejitazama kwenye kioo; kwa anayeshika mizani lulu zipo mezani. Sifuri kati ya tatu. Ziweke kwenye aya ya mavazi, pamoja na satini na ukingo wa dhahabu.